Miguu Inayouma Siku za Hedhi: Mfanyakazi Ajue Nini, Chama Kidai Nini



Miaka niliyofanya kazi ya kuchuma chai tulikuwa na mwenzetu mmoja, mama wa watoto wawili, hodari kuliko wengi wetu. Siku za kawaida alikuwa wa kwanza kufika kwenye mizani, na kikapu chake kimejaa. Lakini kila mwezi zilikuwapo siku mbili ambazo alirudi na nusu kikapu. Nyapara alimwita mvivu, tena mbele ya watu. Yeye hakujibu kitu, maana angesema nini mbele ya foleni nzima ya wanaume? Sisi tuliochuma mstari mmoja naye tulijua. Mapaja yalimuuma tangu kwenye kinena hadi magotini, kiuno kilikaza, na miguu ikawa mizito kama iliyofungiwa mawe. Tulimtilia majani kidogo kidogo kikapuni mwake ili asipoteze posho yote ya siku. Hiyo ndiyo dawa pekee tuliyoijua.

Kwamba hedhi huumiza tumbo, kila mtu amesikia. Kwamba huumiza miguu pia, wengi hawajui, na hata mwenye maumivu hayo mara nyingine hayaunganishi na siku zake. Husema ni baridi ya asubuhi, ni umande, ni uzee umeanza. Akifika zahanati anasema "miguu inauma" tu, bila kutaja hedhi, kwa sababu aliyekaa mezani ni kijana wa kiume. Basi hupewa vidonge vya maumivu ya viungo na kurudishwa kazini, na mwezi ujao hadithi ni ile ile.

Makala haya ni kwa ajili ya dada na mama hao. Ndugu zetu wanaume nao wasiruke ukurasa, maana wengi wa wanyapara, wajumbe wa tawi na makarani wa mizani ni wao.

MAUMIVU YA TUMBO YAFIKAJE MIGUUNI?

Kila mwezi ndani ya mfuko wa uzazi hujengeka utando laini ukingojea mimba. Mimba isipotunga, utando huo hubomoka na kutoka pamoja na damu. Unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo kazi yake ni kuukaza msuli wa mfuko wa uzazi ili uusukume utando nje. Msuli huo si mdogo kwa nguvu. Ndio unaomsukuma mtoto siku ya kujifungua. Ukikaza mno huibana mishipa yake yenyewe ya damu, na msuli uliokosa damu huuma, kama mkono unavyouma ukibeba ndoo ya maji mwendo mrefu bila kuitua. Wenye prostaglandini nyingi zaidi huumia zaidi. Nyingine huingia katika damu na kuzunguka mwilini, ndiyo maana wengine siku hizo huharisha, hutapika au huumwa kichwa.

Sasa miguu. Fikiria mifereji miwili ya shamba inayoingia katika mtaro mmoja. Mtu aliyesimama chini mtaroni akiona maji machafu hawezi kusema yametoka mfereji upi. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye mfuko wa uzazi huingia katika uti wa mgongo sehemu zile zile, au jirani kabisa, na zinapoingia mishipa ya kiuno na ya mapaja. Habari ya maumivu ikifika kwenye ubongo, ubongo huona imetoka kote. Basi mapaja huuma hali hayana jeraha wala ugonjwa wowote. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Si ya kujitakia, na anayeyasikia hadanganyi.

Maumivu ya namna hii yana tabia zake. Huanza saa chache kabla ya damu kutoka au pamoja nayo, huwa makali siku ya kwanza na ya pili, na kwa kawaida huisha kabla ya siku ya tatu kwisha. Huwa miguu yote miwili, mbele na ndani ya mapaja, na kwa kawaida hayapiti magoti. Mara nyingi humwanza msichana katika mwaka wa kwanza au wa pili tangu avunje ungo. Kwa wengi hupungua baada ya kuzaa, lakini si kwa wote. Kwa hiyo msichana asiambiwe kwamba dawa yake ni kupata mtoto.

DAWA HAINGOJI ULIE

Vidonge kama ibuprofeni na diklofenaki huzuia mwili usitengeneze prostaglandini. Zilizokwisha kutengenezwa haviziondoi. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtu huvumilia asubuhi nzima, saa nane mchana miguu ikishindwa ndipo hutafuta kidonge, kisha husema dawa haifanyi kazi. Kinywe mara tu unapoona dalili ya kwanza, na uendelee kwa saa zilizopangwa siku ile na ya pili.

Kipimo cha kawaida cha ibuprofeni kwa mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 kila baada ya saa 6 hadi 8, na bila ushauri wa mganga isizidi miligramu 1200 kwa siku. Soma maandishi ya kwenye pakiti, kwa sababu kuna vidonge vya miligramu 200 na vya 400, navyo hufanana. Kula kwanza, hata kama ni uji. Kunywa maji ya kutosha: mtu anayetoka jasho juani bila maji, kisha akameza vidonge hivi, anaumiza figo zake. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au anayedhani ana mimba, asivitumie mpaka aulize. Wala usichanganye ibuprofeni na diklofenaki au aspirini ukidhani utapona upesi. Ni ndugu wa ukoo mmoja na madhara yake hujumlishana. Parasetamoli ni laini zaidi kwa tumbo, ila kwa maumivu haya nguvu yake ni ndogo.

Joto nalo ni dawa, na bibi zetu walilijua kabla ya duka la dawa kufika kijijini. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga, ikawekwa chini ya kitovu au kiunoni, huulegeza msuli uliokaza. Uchunguzi uliofanywa hospitalini umeonyesha kwamba joto la wastani likiwekwa kwa saa nyingi mfululizo linaweza kukaribia nguvu ya kidonge. Chupa isiwe ya kuunguza ngozi.

Madaktari husema pia mazoezi ya mwili, yakifanywa kila wiki, hupunguza maumivu ya hedhi. Nikiwaambia wachumaji hivyo hucheka, na wana haki ya kucheka. Lakini kupanda mteremko na mzigo mgongoni ni kazi, na kazi hiyo hukaza kiuno badala ya kukilegeza. Jioni jaribu kulala chali, uvute magoti mpaka kifuani, uyaache hapo kwa pumzi kumi, kisha unyooshe mguu mmoja mmoja. Hakugharimu kitu.

Wanaotumia uzazi wa mpango wa vidonge, au wa kijiti, wengi wao huona maumivu yamepungua. Hilo ni jambo la kuzungumza na muuguzi wa kliniki, kila mtu kwa hali yake.

MIGUU MIZITO KABLA YA SIKU ZENYEWE

Kuna maumivu mengine ambayo huja wiki moja au siku kadhaa kabla ya damu, na hawa ndio hasa wanaosimama: wapakiaji wa maua, wapanga samaki, wakaguzi wa nguo kiwandani. Jioni vifundo vya miguu vimevimba, viatu vinabana, mashavu ya miguu yanauma kwa uzito. Ukilala miguu ikiwa juu, hupungua.

Damu ya miguuni hupanda kurudi moyoni kwa kusukumwa na misuli ya mashavu ya miguu kila unapopiga hatua. Anayesimama mahali pamoja saa nane hasukumi kitu. Damu hutuama chini. Katika nusu ya pili ya mwezi wa mwanamke kuna homoni iitwayo projesteroni ambayo hulegeza kuta za mishipa ya damu, na mwili pia huweza kushika maji zaidi. Ukiweka hayo mawili juu ya meza ya kupakia isiyo na kiti, utapata miguu tunayoizungumzia. Baada ya miaka, wengine hutokewa na mishipa minene iliyojikunja kama kamba chini ya ngozi.

Hapa kidonge si jibu kubwa. Nyanyua visigino mara ishirini kila saa ukiwa papo hapo mezani. Weka mguu mmoja juu ya kibao kifupi, kisha ubadilishe. Saa ya chakula, usisimame kupiga soga. Kaa, na kama panaruhusu uinue miguu. Nyumbani lala miguu ikiwa juu ya mto kwa robo saa. Soksi za kubana husaidia, ila zipimwe na mtaalamu.

DAMU KUPUNGUA, NA CHAI TUNAYOICHUMA

Mwanamke anayetokwa na damu nyingi kila mwezi hupoteza madini ya chuma. Ukibadilisha pedi au kitambaa kila saa moja au mbili, ukiona mabonge makubwa, au hedhi ikizidi siku saba, hiyo ni nyingi. Miguu huishiwa nguvu, pumzi hukatika mlimani, na usiku wengine husikia miguu inawasha kwa ndani na kutaka kutikiswa bila kutulia. Hali hiyo ya miguu isiyotulia imeunganishwa na upungufu wa madini ya chuma. Zahanati inaweza kupima damu kwa tone la kidoleni.

Maharage, dagaa, maini na mboga za majani zina madini hayo. Lakini kuna jambo linalonichekesha na kuniudhi pamoja: chai, hii hii tunayoichuma, ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini, hasa yale ya maharage na mboga. Ngoja saa moja baada ya kula ndipo unywe. Chungwa au ndimu pamoja na chakula hufanya kinyume, husaidia madini kuingia.

WEKA ALAMA KWENYE KALENDA

Mtajuaje haya yapi na yale yapi? Chukua kalenda ya ukutani au daftari. Kwa miezi mitatu weka alama ya siku damu inapoanza na inapokoma, na alama nyingine siku miguu inapouma: sehemu gani, mguu upi, na siku hiyo ulifanya kazi gani. Baada ya miezi mitatu kalenda itasema. Maumivu ya mapaja yaliyokaa siku ya kwanza na ya pili ni yale ya prostaglandini. Uzito wa jioni kabla ya damu ni wa mishipa na kusimama. Ikiwa alama zimetawanyika ovyo mwezi mzima, huenda hedhi haihusiki. Ni mgongo, ni goti, ni mzigo.

Kuna alama moja inayotaka hospitali kubwa. Maumivu yanayoshuka mguu mmoja tu, kutoka tako hadi chini ya goti au wayo, yenye ganzi au kama kuchomwa sindano, yanayorudi kila hedhi, yanaweza kuwa ya endometriosi iliyogusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Endometriosi ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na utando wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko. Kugusa mshipa huo ni jambo la nadra, lakini ugonjwa wenyewe si wa nadra: Shirika la Afya Duniani linakisia kwamba humpata mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kutambuliwa. Hedhi inayozidi kuuma mwaka hadi mwaka, maumivu wakati wa tendo la ndoa au wakati wa kwenda choo siku za hedhi, na kukosa mtoto, ni dalili za kumwambia daktari. Uvimbe wa kizazi nao, ukiwa mkubwa, huweza kugandamiza na kuumiza kiuno na miguu. Ukienda, nenda na kalenda yako. Daktari mwenye foleni ndefu atakusikiliza kwa dakika chache, na kalenda itasema mengi katika dakika hizo.

Tena kuna mambo mawili yasiyongoja kalenda wala zamu kwisha. La kwanza, mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu lake likawa na joto na kuuma, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Kukiwa na maumivu ya kifua au pumzi kukatika, ni hatari ya kifo. Hatari huongezeka kwa aliyejifungua karibuni na kwa anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Mguu huo usikandwe. La pili, hedhi iliyochelewa, kisha maumivu makali upande mmoja wa tumbo na kizunguzungu: huenda mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Yote mawili, hospitali siku hiyo hiyo.

CHAMA KIDAI NINI

Sheria tayari zinatupa mahali pa kusimama. Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo kazini siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka, akiwa na cheti cha mganga. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Hakuna popote katika sheria hizo palipoandikwa kwamba maumivu ya hedhi hayahesabiwi kuwa ugonjwa. Mganga akiandika cheti, cheti hicho ni sawa na cha malaria.

Lakini cheti kila mwezi ni safari na foleni, na anayelipwa kwa kilo hupoteza siku akikitafuta. Jirani zetu wa Zambia wamelipatia jambo hili njia nyingine. Sheria yao ya Ajira ya 2019 inampa kila mfanyakazi mwanamke siku moja kila mwezi, bila cheti na bila kutoa sababu. Wenyewe huiita Siku ya Mama, ingawa hata asiye na mtoto anayo. Indonesia nayo, katika sheria ya 2003, iliandika kwamba mwanamke anayeumwa na akamwarifu mwajiri halazimiki kufanya kazi siku ya kwanza na ya pili ya hedhi.

Wajapani walipata haki kama hiyo tangu 1947, na wanaoitumia leo ni wachache mno. Sheria yao haimlazimishi mwajiri kuilipa siku hiyo, na wanawake wengi huona haya kumwomba msimamizi mwanamume. Wajumbe wetu wakumbuke hilo wanapokaa mezani kujadili mkataba wa hali bora, au mkataba wa pamoja kama unavyoitwa Kenya. Kwa mchumaji wa chai au mkata mkonge, siku ya mapumziko isiyo na malipo ni njaa. Iandikwe kwamba siku hiyo italipwa kwa wastani wa kilo au mzigo wake wa mwezi uliopita. Na jina lake lisipite kwa nyapara. Liende kwa mwanamke aliyechaguliwa, au liandikwe tu "ruhusa".

Wako wanawake katika matawi wanaopinga, wakihofia mwajiri ataacha kuajiri wanawake. Hofu hiyo si ya kijinga. Ndiyo maana mimi ningeanza na mambo madogo yasiyoweza kukataliwa kwa uso mkavu: vidonge vya maumivu katika kisanduku cha huduma ya kwanza, na muuguzi mwanamke wa kuvitoa, choo chenye maji na mlango unaofunga, kilicho karibu na mashamba ya mbali pia, maji ya kunywa mstarini, ruhusa ya kubadilishana kazi ya kusimama na ya kukaa kwa siku mbili. Na viti. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya 2007 inamtaka mwenye kiwanda aweke viti vya kufaa kwa wafanyakazi ambao kazi yao inawapa nafasi ya kukaa bila kuharibika. Ni mara ngapi mkaguzi amepita na hakuna aliyemwuliza viti viko wapi?

Kalenda zenu za miezi mitatu zibaki mali yenu, asipewe msimamizi. Lakini mwenyekiti wa kamati ya wanawake anaweza kuhesabu bila majina: wangapi katika jumba hili miguu huuma, siku ngapi, meza zipi. Mwajiri hupenda hesabu, naye apewe hesabu.

Katika jumba moja la kupakia maua kamati ya wanawake ilifanya hivyo. Waliomba viti kumi na viwili. Walipewa sita, vya mbao, virefu, vya kuegemea nusu umesimama. Wakagawana kwa zamu: kila saa kengele ya mchanganyo inapolia, aliyekaa huinuka na wa meza ya pili hukaa, na aliye katika siku zake hupewa zamu mbili bila kuulizwa. Viti sita vilivyobaki vimo katika ajenda ya mkutano ujao.